Chumba cha Tisa

Mfereji wa bweni letu pale Tononoka
waweza kukaa wiki tatu usipige hata chafya.
Twanunua maji ya mkokoteni,
ya chumvi ya kuogea, matamu ya chai,
na kila atokaye huuacha mfereji wazi,
kwani nani ahangaike kufunga
kitu kisichotoa kitu?

Nami nilikuwa hivyo.

Tangu Baba azikwe Kikowani sikulia.
Nilibeba jeneza, nikahesabu sahani za wageni,
nikawajibu wajomba, "Alhamdulillahi, twashukuru."
Simu yake ya mwisho, Jumanne, saa nne kasorobo usiku,
niliiona ikiita.
Nikaigeuza kifudifudi mezani.
Nilikuwa na hasira za karo.
Asubuhi hakuwapo wa kumpigia.

Basi nikaingia mtihani wa Hesabu za Umeme,
nikaandika jina, Shee Mbwarali,
na tarehe, na mstari chini ya tarehe.
Muda wote uliobaki niliutazama ule mstari.

Kila mtu alikuwa na dawa yake.
Huyu: jikaze, wewe si mwanamume?
Yule: hilo ni jicho, kazinguliwe.
Shangazi alinitengenezea kombe la zafarani,
nikalinywa lote, wala silikejeli,
mlikuwa na mkono wake mle.
Ila usingizi haukuja.

Mwalimu Nyamawi hakunigombeza.
Alichana ukingo wa karatasi yangu tupu
akaandika: Chumba cha tisa. Jumatano.

Mlango ule niliupita mara nne
nikijifanya nasoma ubao wa matangazo.
Hadi leo nalijua kwa moyo
lile tangazo la kikokotoo kilichopotea,
zawadi nono kwa atakayekiokota.

Nilidhani nitakuta koti jeupe.
Nilimkuta Bi Umazi amepiga magoti
akitia kipande cha boksi chini ya mguu wa meza.
Hakuniambia Mungu hamtupi mja wake;
hilo nalijua, nimelelewa nalo.
Aliuliza, "Walala saa ngapi?"
"Silali."
"Na ukiwa macho, wangoja nini?"

Jumatano hiyo ulitoka upepo mtupu,
ule mkoromo wa bomba linalokumbuka kazi yake.
Ya pili ikatoka kutu:
nilimtukana Baba, marehemu, kwa jina lake,
nikangoja dari iniangukie.
Feni ikaendelea kuzunguka.
Ya tatu nikasema, "Ilikuwa ikiita,"
na hapo

wajua maji yakirudi usiku wa manane
na mfereji umeachwa wazi:
ndara zaelea, madaftari yalowa,
watu waruka vitandani wakilaani
na huku wakikinga ndoo,
wakicheka, wakikinga hata vikombe.

Bi Umazi hakukimbilia kufunga.

Nyanya hupenda kusema
mficha maradhi kifo humuumbua.
Miaka yote nilidhani asema homa.

Sikutoka mle nikiwa mtu mwengine.
Mtihani niliurudia, nikapata arubaini na tatu,
ya kupita kwa ncha ya kucha.
Simu bado nailaza kifudifudi,
mkono una ukaidi wake.
Lakini ikiita, naigeuza.
Na Ijumaa moja nilikwenda Kikowani peke yangu
nikamweleza yale ya karo, yote, kwa sauti,
mchimba kaburi akajifanya hasikii.

Jana nimemwona kijana wa mwaka wa kwanza,
shati limefungwa kifungo cha juu kabisa,
amesimama ubaoni
akisoma tangazo la kikokotoo
kilichopotea tangu mwaka jana.
Akafika mwisho, akaanza upya.

Nikasimama kando yake, nikasoma nami.
Kisha nikasema, bila kumtazama:
"Kile kiti cha kijani kina mguu mbovu.
Kalia cha buluu."