Maiti Aliyejikuna

Jumanne ya tatu ya Julai, hapa Lorain, Ohio,
jua halizami hadi saa tatu usiku
na hakuna anayelidai.
KIINGILIO BURE, wameandika kwa chaki kwenye lami,
herufi zimepinda,
B imefutwa nusu na tairi la baiskeli.

Bernadeta Kocsis amewahi tangu saa kumi na moja.
Ametandika shuka la hospitali aliyostaafia,
muhuri wa bluu ungali unasomeka,
kila pembe kaiwekea kiatu, upepo wa ziwa usilibebe,
na pembeni ndoo ya matango ya siki
anayomgawia kila akaaye karibu naye,
apende asipende.

Nyuma yetu, ua wa kiwanda cha chuma
kilichozimwa kabla watoto hawa hawajazaliwa.
Mbele, jukwaa la mbao za kuazima,
pazia ni turubai la lori.
Taji la mfalme ni shaba ya bomba,
kalichomelea mwenyewe, maana mchana ni fundi bomba:
Dwight Tackett, yule aliyezibua sinki langu mwezi Machi
akinong'ona peke yake chini ya kabati.
Nilidhani anasali.

Lugha yenyewe ina miaka mia nne,
Kiingereza ambacho wenyewe walishakiacha njiani.
Sikielewi chote. Jirani yangu hakielewi,
mbwa wa jirani yangu hakielewi,
lakini mizani tunaisikia:
kumi, na kumi, na kumi,
kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni.
Mzee Efraín, mzaliwa wa Ponce, anahesabu kwa vidole pajani;
silabi moja ikipotea anatikisa kichwa
kama makanika aliyesikia injini ikikohoa.

Halafu treni ya saa mbili na nusu.
Hupita kila jioni katikati ya usaliti.
Waigizaji wameizoea, huganda walivyo,
upanga juu, mdomo wazi,
mabehewa sitini na mawili, watoto wakiyahesabu kwa sauti;
la mwisho likishapita
upanga hushuka palepale ulipokuwa unasubiri.
Sijapata kuona muuaji mwenye subira namna hii.

Tendo la tano. Mtoto wa mfalme amekufa.
Amelazwa chini ya taa, baba amepiga magoti, anamwita,
na uwanja mzima kimya, hata mifuko ya bisi.
Ndipo mbu akatua juu ya pua ya marehemu.

Tulimwona sote.
Marehemu alivumilia.
Akavumilia.
Nyusi moja ikacheza.
Mkono wa kulia ukapanda, taratibu, kama mwizi anayepita sebuleni,
ukakuna.

"Mama! Hajafa!"
Ni Ignacy, miaka minne, amesimama juu ya kiti,
furaha yake haina hila hata chembe.

Basi tulicheka. Bernadeta alicheka hadi akapiga ndoo teke,
matango yakabingirika kuelekea kwa wapiga zumari.
Mabega ya maiti yakatikisika.
Mfalme akaficha uso kifuani mwa mwanawe, akacheka humo,
tukauona mgongo ukicheka, ukicheka,
na sijui ni lini mgongo ule uligeuka,
maana alipoinua uso ulikuwa umelowa,
na mstari uliofuata aliusema kwa sauti ya chini
niliyowahi kuisikia mara moja tu,
chini ya sinki langu.

Hakuna aliyecheka tena.
Efraín aliacha kuhesabu.

Mwishoni wakainama, wazima na wafu, mkono kwa mkono,
marehemu katikati, pua imevimba nyekundu.
Ignacy akakunja mikono kifuani.
"Nilisema mimi."

Kuingia bure, kutoka ni hiari:
ndoo ya Bernadeta ikapita mstari kwa mstari,
nikatia dola mbili zikalowa siki.
Kesho atakufa tena, saa ileile.
Nitamletea dawa ya mbu.