Ubao wa Kona

Banda limevaa. Mbao zimelaliana kuta nne,
wa juu ukiufunika wa chini kwa vidole viwili,
kama manyoya ya kuku aliyetulia mvuani.
Kona tu ndizo ziko wazi,
na Desemba ya Njombe haibishi hodi.

"Kona ndiko maji yanakoibia," alisema fundi Chengula,
penseli sikioni, koti la mtumba limefungwa hadi kidevuni.
"Ubao hunywa kwa ncha zake, mama.
Tumboni hauna kiu."

Nikaenda kiwandani.
Paini ilikuwa nyeupe, ikinukia utomvu na asubuhi.
Nikaibonyeza, ukucha ukazama.
Fundo moja lilidondoka nilipoinua,
likaniachia tundu la kuchungulia ng'ambo.
Mkaratusi ulikuwa mzito, umenyooka kwa siku ile.
Naujua. Mlango wa choo chetu ni wake:
kila kiangazi hugeuka kumtazama mtu mwingine.
Na zile za kijani, zilizotiwa dawa,
bei yake ni gunia zima la mbegu
nilizotaka zilale ndani.

Nikarudi mikono mitupu, nikapitia mpakani,
ulipolala msaipresi wa baba
tangu kesi yetu na Mdegela.
Miaka miwili tulibishana mizizi iko kwa nani.
Baraza likasema ukatwe. Ukakatwa,
na hakuna aliyethubutu kuugusa.
Masika matatu, viangazi vitatu.
Ukucha wangu haukuzama.

Nikapiga hodi. "Kamwene."
Akaitika akivitazama viatu vyangu.
Nikamwambia nataka mbao nane, moja kwa nne,
mbili kila kona; zitakazobaki ni zake.
Alinyamaza hadi chai ikafurika jikoni.
"Zangu nitaweka kwenye zizi," akasema.
"Nalo limeoza kona."

Msumeno wa kukodi uliunguruma siku mbili.
Chengula akapiga randa, harufu ikafika barabarani,
watoto wa Mdegela wakaja kuokota maranda
wakayavaa vichwani.
Kisha timazi. Kisha msumari,
si karibu na ncha, utapasua.
Kisha ubao wa pili ukaja
kuegemea ubavu wa kwanza.

Mwanga bado unapenya kona ya kaskazini,
mwembamba kama uzi.
Nilimwonyesha fundi, akauziba kwa kidole.
"Ngoja mvua. Ubao utavimba, utajifunga wenyewe."

Viazi nimevipanga kusini,
kwa sasa.