Matundu Manne

Mbusa alipiga magoti ndani ya bodi ya pikapu,
chaki sikioni, futi ya chuma ikimrukia kiganjani,
akaweka alama: hapa, na hapa, na pale mbili.
"Ithungu, nitoboe?"

Nikamwambia ngoja.

Ngoja kwanza nifagie.
Kuna maganda ya kahawa kwenye mifuo ya bati
tangu msimu ule baba alipokuwa bado anabishana na mizani.
Kuna chumvi ya Katwe pembeni, imekula rangi
ikaacha ramani ya nchi isiyo na jina.
Kibonyeo hiki, karibu na tao la gurudumu la kushoto,
ni cha fahali wa Kyondo aliyekataa kwenda sokoni.
Miaka kumi na tisa, na mzee hakuruhusu hata msumari.
Bati ukilitoboa, alikuwa akisema,
umeikaribisha kutu chakula cha jioni,
na kutu ni mgeni asiyeaga.

Lakini mimi sinunui kahawa.
Mimi natengeneza mashine za kuimenya,
na spana zangu zimechoka kuogelea.
Kila kona ya kupanda Kyarumba zinavuka bodi nzima
kulia kwenda kushoto, kelele kama bendi ya shule,
na beringi niliyonunua Kasese asubuhi
saa sita iliokotwa mtaroni na mtoto.
Alinirudishia. Nilimpa mia tano.
Alitaka elfu.

Ndiyo maana masanduku haya mawili:
bati la mili mbili, bawaba tatu kila moja,
mdomo wa mpira wa kufukuza vumbi;
la kwanza la spana, la pili la vipuri
na shuka langu la kulalia ugenini.
"Yachomelee moja kwa moja," alishauri kaka yangu Masereka,
"mwizi abebe gari zima au aache."
Masereka hupenda vitu visivyotoka.
Amejenga hivyo. Ameoa hivyo.

Mimi nikasema la, yatoke.
Jumamosi jirani ana saruji yake,
mwezi wa kumi kuna magunia,
na siku isiyoandikwa kwenye kalenda
mtu atagonga dirisha usiku, atataka bodi tupu,
urefu wa mtu mmoja aliyelala.
Naujua urefu huo.
Aprili nilikaa papa hapa, mgongo kwenye kilango cha nyuma,
nimeshika pembe ya jeneza lisiteleze
kwenye mteremko wa kuingia Kisinga,
na Mbusa huyuhuyu usukanini
akikanyaga breki kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Basi toboa, nikasema.

Bati lililia mara nne.
Chuma kilitoka kimejisokota, cha moto, kikaniunguza kisigino.
Nikapaka mdomo wa kila tundu rangi ya kuzuia kutu,
mara mbili, kwa njiti ya kiberiti yenye pamba,
moyoni nikimwambia mzee: unaona, mara mbili.
Bolti kutoka chini, washa za tairi kuukuu,
juu nati zenye masikio, za kukaza kwa vidole tu.
Tulipima kwa simu: dakika tatu kutoa,
nne kurudisha, na moja ya kugombana.
Nikalitikisa sanduku. Gari zima likatikisika,
sanduku halikusema neno.

Jioni niliyatoa yote mawili, bila sababu,
nikayaegemeza kwenye ukuta wa jiko.
Mama alikuja na tochi.
Akaingiza kidole tundu la kwanza,
akaingiza la pili. Hakuuliza.
Akarudi ndani, nikasikia kisu kikikwangua,
akatoka na vizibo vinne vya gunzi la mahindi,
akavipigilia kimoja kimoja kwa kiganja.
"Mvua ikija," akasema.
Kisha, akiwa tayari mlangoni:
"Cha nne kimelegea kidogo.
Kesho nitachonga kingine."