Waya wa Sabuni

Tikiti ilikuwa ya zambarau,
muhuri wake mbichi ukanipaka wino kwenye kidole gumba,
na siku tatu nikaosha vyombo nikiuhurumia ule wino.
Shilingi kumi. Nilizichanga senti kwa senti
kwenye kibanda chetu cha Makupa, mimi na mama,
tukiuza sabuni ya mche, kipande kwa kipande.

"Wendapi?" Mama hakugeuza uso kutoka jikoni.
Tononoka, ukumbini. Kuna bendi.
"Ya taarabu?"
Nikanyamaza,
na ukimya wangu ukamjibu kwa adabu kunishinda.
"Basi enda na kakako Mahfudh, urudi na Mahfudh,
na masikio yenu mrudi nayo."

Ndani, joto la watu mia tano na feni moja
iliyozunguka kama mtu anayetafuta kiatu chake.
Kwenye ngoma alikaa Agnelo wa Ganjoni,
mwana wa fundi aliyetushonea sare za shule.
Kumbe ule mguu, miaka yote ile juu ya cherehani,
ulikuwa ukijifunza kukanyaga.

Kisha Chivatsi akagusa waya wa chini.

Kifua changu ndicho kilichosikia kwanza;
masikio yaliambiwa baadaye, kama jirani.
Soda ikatetemeka chupani.
Mikono iliyopakua saruji Kilindini tangu alfajiri
ikalikamata gitaa shingoni, ikalihoji,
nalo likakiri yote.
Benchi likavunjika, hakuna aliyelilia.
Mahfudh, asiyecheka hata Idi,
aliruka hadi akapoteza ndara moja.

Halafu wakapunguza mwendo.
Mbodze akaja mbele na gauni la kazini,
akaisogelea maikrofoni kama anayenong'onea mgonjwa:

*Nimelipa kodi, mwenye nyumba hanijui,*
*nasema nimelipa kodi, mwenye nyumba hanijui,*
*mlango wanijua, ndiyo maana wanifungia.*

Askari wa mlangoni akavua kofia.
Mwanamke nyuma yangu akasema "Wee!"
mara moja tu, taratibu,
kama aliyesomewa barua yake mbele za watu.

Hapo ndipo waya ukakatika.
Ukamchapa Chivatsi shavuni, damu, uzi mwembamba wa damu,
naye akaendelea na nyaya tano,
akiliruka lile pengo
kama mtu wa Majengo anavyoruka dimbwi la mlangoni pake.
Wimbo ulipokwisha akaung'oa, akautupa kwetu.
Ukanitua begani.
Nikaufunga kwenye pindo la leso, pamoja na nauli,
na nauli hatukuitumia.
Tulipita Sparki kwa miguu, kakangu peku mguu mmoja,
tukipiga mayowe tukidhani twanong'ona.

Mama mlangoni: "Masikio mmerudi nayo?"
Hatukumsikia.
Basi akajua.

Asubuhi, akifua, aliupata ule waya.
Nilingoja maneno. Hakusema neno.
Akaufunga vijiti viwili, huku na huku,
akaulaza juu ya mche wa sabuni, akavuta.
Kata safi, isiyomung'unya.
Kisu chetu hakikuonekana tena kibandani.

Miaka kumi na minne, waya haukuota kutu.
Chivatsi alihamia Voi, bendi ikatawanyika,
Agnelo akarithi cherehani.

Siku moja narudi na chenji, namkuta mama peke yake,
kijiti kimoja ameking'ata, kingine amekikanyaga,
anaudonoa waya kwa ukucha.
Mmm, ukasema waya.
Akauregeza kidogo. Mmm, chini zaidi.
Aliponiona hakuona haya.
Alikitoa kijiti kinywani, akauliza,
"Kule ukumbini ilikuwa kubwa kuliko hivi?"
Kubwa, mama.
"Kiasi gani?"

Nikautwaa mkono wake, mkavu kwa magadi,
nikauweka hapa, chini ya koo.
Hapa, mama. Ilikuwa hapa.

Akaja mteja, akataka nusu mche.
Tukamkatia.