Mtoboa Mapipa

Kazi yangu ni kutoboa mapipa.
Wengine hapa Mafinga wanapasua mbao,
wanapanda misindano, wanaendesha malori ya nguzo.
Mimi natoboa.

Nguzo huingia kwenye silinda nyeupe, kama viazi vilivyomenywa,
hutoka na ukijani wa dawa: shaba, kromu, aseniki,
zikasimame barabarani miaka na miaka
mchwa azipitie mbali.
Kinachobaki chini ni tope.
Kila Jumamosi mimi na Obeti Luhwavi
tunaliingia lile tumbo la chuma kwa zamu,
mmoja anakwangua, mmoja yuko mlangoni na kamba,
anaita jina la mwenzake kila akihesabu hamsini.
Ukiitwa, itika.
Usipoitika, utavutwa kama ndama.

Tope linatiwa kwenye pipa, pipa linafungwa,
linabandikwa karatasi yenye fuvu,
na lori likija tunasaini nakala tatu
kwa vidole vilivyokakamaa kwa baridi.
"Msiamini pua," hutuambia Nyaulingo, msimamizi.
"Hii haina harufu. Haibishi hodi."

Mapipa ya dawa yakiisha tunayasuuza mara tatu,
maji ya kusuuzia yanarudi tangini, hayaendi mtaroni.
Yanang'aa. Ya bluu, mazima, yana mifuniko.
Ndipo nachukua sururu:
matundu matatu, kitakoni.

Mwezi wa pili, milanzi ikitoa,
Shangazi Gaudensia alikuja getini.
"Kamwene."
"Kamwene, shangazi."
Daftari zangu zote zilinunuliwa kwa mkangafu wake,
na sare, na viatu vya darasa la saba vilivyonibana.
"Pipa moja tu, baba. Mbona mazima mnayaua?"
Nikalivuta moja, nikalitoboa mbele yake.
Mara tatu.
Nilidhani hayo ni maelezo ya kutosha.
Alijifunga kanga upya, akaondoka,
na ukungu ukamla kabla hajafika kwenye mikaratusi.

Mwezi wa nne nikapita kwake Kinyanambo.
Benchi limejaa, watu wanacheka,
mtoto anazungusha kikombe cha lita.
Nikaketi. Nikapokea. Kikombe kilifika mdomoni
macho yakaenda nyuma ya mlango.

Bluu.

Karatasi imebanduliwa vibaya,
fuvu limebaki taya, linacheka peke yake.
Nikainama kitakoni mwa pipa:
matundu matatu,
na kila tundu lina kijiti cha mlanzi
kilichochongwa kwa subira, kikapakwa nta.
Kazi safi. Safi kuliko yangu.

"Tangu lini?"
Shangazi alitazama moto.
"Nani alikuuzia?"
Akauchochea.

Nikalipiga teke.
Ulanzi ukaenda na uwanja mzima,
ukapita chini ya benchi, watu wakainua miguu,
mmoja akanitukana mimi na ukoo wangu,
ukashika njia ya bustani ya figiri.
Hapo ndipo nilipokumbuka kazi yangu:
kinachomwagika huzolewa.
Nikaanza kuchota udongo kwa mikono mitupu, kama mwehu,
mimi ninayemfokea Obeti akisahau glovu.

Shangazi aliingia ndani.
Nikajua anafuata mchi, au panga.
Akatoka na gunia la pumba za mbao,
zile anazowashia jiko,
akazimwaga mbele ya ule mkondo, akazikanyaga, akazimwaga tena,
bila neno.
Akanitupia mifuko miwili ya rambo nivae mikononi.

Jumatatu nilifika getini na magunia matatu.
Nyaulingo hakuuliza. Alinipa fomu.
Aina ya taka: udongo, pumba, pombe.
Uzito: kilo tisini na moja.
Kwenye chanzo kalamu ilikaa juu juu muda mrefu,
Obeti akaniita kama tuko kwenye silinda,
mara moja, mara mbili.
Nikaitika.
Nikaandika: nyumbani.