Nanga Itungi

Wiki ya tatu tumelala ndani ya mashua,
mimi, Ambwene, na jiko la mafuta ya taa
linaloning'inia kwa minyororo, likibembea.
Tukasema: kesho tutembee bandari kongwe.

Tukashuka. Ikayumba nchi kavu, si ziwa.
Tukaiona winchi, kutu imeiivisha kama embe;
ghala la ushuru, siku hizi la magunia ya kakao,
harufu yake ya tunda linaloanza kuchacha;
gati ambalo mto umelijaza mchanga
hata bata wanalivuka kwa miguu.
Ambwene akapiga picha tarakimu zilizochongwa ukutani.
Hakuna aliyejua kama ni mwaka
au bei.

Tuliporudi, mji ulikuwa umetutangulia.
Watu kumi na watatu juu ya sitaha,
viatu wamevipanga ufukweni, kwa heshima.
Mama Atupakisye, mwuza vyungu vya Ikombe,
ameinama mlangoni anahesabu vijiko vyetu.
"Ugonile," akasema, bila kugeuka.
"Kumbe ndipo mnapolala? Wote wawili?
Na mkigombana, mmoja anakwenda wapi?"

Ambwene akaitazama kamba ya nanga.
Mimi nikatazama milima, ng'ambo ya Matema,
mawingu yameikalia mabegani.
Miaka minne majini, swali hilo hatukuwa nalo.

Alikunywa chai, akatuachia chungu kimoja,
kizito, cha kukaa mahali pamoja.
Usiku kikaanza kutembea sakafuni.
Tukakishika kwa zamu
mpaka asubuhi.