Magharibi Moja

Ratibani niliandikwa: Mogaka, tanuri la tatu,
Ijumaa hadi usiku wa manane.
Nikamwendea Bi Thuraiya, kofia ya wavu mkononi:
Sabato yangu huingia jua likizama.
Akacheka, Kiswahili chake kile cha Unguja:
"Na futari yangu, baba, huingia papo hapo."

Basi tukakopeshana saa.
Siku nyingine, wenzangu wakifungulia tende stoo,
mimi na Pradip tulisukuma trei,
nikaijua magharibi ya Rusail
kwa dakika, pengine kumshinda mwadhini.
Ijumaa Pradip akabaki peke yake,
mimi nikadandia basi la Ghala,
unga ungali kwenye nyusi.

Ijumaa ya mwisho ya mfungo Pradip alilazwa, homa.
Jua likagusa vilima vya mawe.
Tukatazamana,
mikate mia nne ndani ya moto.

Bi Thuraiya akavua glavu.
"Twendeni. Mungu hatatudai mikate."

Jumapili nikafungua daftari la zamu.
Kwa mwandiko wake wa taratibu:
Hasara, trei sita.
Sababu: jua.